Tupeane uzoefu: barua ya kazi iliyokufungulia mlango ukiwa bado unasoma

Wa Kasapa: Wandugu, jambo. Niko UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), uhasibu, mwaka wa tatu. Tangu Januari nilipeleka barua 14, zote sawasawa, nabadilisha jina la kampuni tu. Kimya. Ya 15 ilikuwa ya duka la vifaa vya ujenzi kule mtaa wa Kampemba, walitafuta mtu wa stoki. Nikafuta ile sentensi ya "kijana mchapakazi mwenye bidii" na kuandika (kwa Kifaransa, bila shaka) kwamba miaka miwili sasa nashika daftari la mama anayeuza unga soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si ile nchi): kila Jumamosi jioni nahesabu mifuko, nalinganisha na pesa, upungufu nauandika kwa wino mwekundu.

Siku nne baadaye wakaniita. Swali la kwanza: "Hilo daftari liko wapi?" Nilikuwa nalo. Mzee aliyenihoji akapitisha kidole mstari kwa mstari hadi akafika palipoandikwa "mfuko 1, panya". Akaniuliza mfuko ule ulihesabiwa kwa nani. Nikamwambia kwetu, hasara yetu, mteja hakuuziwa. Naingia kila siku saa nane mchana, baada ya masomo. Na ninyi?

Yaya wa Katuba: Mimi CV ilipigwa chapa kwenye sekretariati ya barabarani, umeme ukakatika, kijana akamalizia kesho yake juu ya faili la mteja mwingine. Nikalipa, nikakimbia kuipeleka. Nyumbani naangalia kopia: nimezaliwa Likasi! Mimi ni wa hapa hapa Lubumbashi. Hawakuniita, na siwalaumu. Sasa nasoma karatasi yote kwa sauti, hadi namba ya simu, kabla ya kutoa pesa.

Mdogo wa Ruashi: Jihadharini na wanaoomba pesa. Niliambiwa nimechaguliwa, bila mtu kuniona uso, nitume dola 30 za kupimwa na daktari. Nikaomba anwani ya ofisi, simu ikazimwa. Rafiki yangu alilipa. Ilikuwa pesa ya minerval yake, yaani ada ya masomo. Inaniuma mpaka leo.

Mjiolojia: Kadi ya ONEM (ofisi ya taifa ya ajira) tafuteni mapema. Matangazo mengi yanaitaka, na mara nyingi siku zilizobaki ni tatu tu.

Na wale wanaosema "bila mtu ndani ya kampuni hupati kazi": upo ukweli, sikatai. Lakini mtu wa ndani mimi nilimpata kwa staji (mafunzo ya kazini), Kolwezi. Siku ya mwisho wenzangu walichukua cheti wakapanda basi. Mimi nilirudisha sampuli zikiwa na namba zake, nikamwachia msimamizi orodha safi, nikamshukuru. Miezi mitano baadaye aliniandikia yeye mwenyewe.

Mdogo wa Ruashi: Wa Kasapa, mimi nimeuza yuniti za simu tu, mbele ya shule. Hiyo nayo inaandikwa?

Wa Kasapa: Inaandikwa, mdogo wangu! Sema tangu lini, ulihudumia watu wangapi kwa siku, pesa ulimkabidhi nani jioni, na uliwahi kukosa kiasi gani. Kama hukukosa, liseme hilo kwanza. Nitumie rasimu kabla ya Ijumaa, nitaisoma yote.