Ushauri: sertralini 100 mg, mwezi wa nane wa matumizi, dalili zimeisha. Aache au aendelee?

Kitasa:
Wakuu, salaam. Naombeni ushauri kwa wenye uelewa wa dawa za akili. Mdogo wangu wa kike, miaka 23, aliambiwa ana sonona (ugonjwa wa huzuni iliyozidi), akaanzishiwa sertralini 50 mg, baadaye ikapandishwa hadi 100 mg. Huu ni mwezi wa nane tangu aanze. Usingizi, hamu ya kula na umakini kazini vilirudi mwezi wa tatu. Kinachomkera sasa ni hisia kufa ganzi (halii, hacheki sana) na jasho la usiku. Nyumbani kambi mbili: moja inasema sonona ni jina la kuuzia vidonge, nyingine inataka ameze maisha yake yote. Mwenyewe anataka kuacha Jumatatu. Nawasilisha.

Mfinyanzi:
Hiyo Jumatatu aifute kwanza.

Hesabu iko hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa iendelee miezi 9 hadi 12 tangu dalili ziishe, si tangu siku ya kidonge cha kwanza. Zake ziliisha mwezi wa tatu, kwa hiyo yuko mwezi wa tano tu. Akiacha sasa anaacha mapema.

Lakini soma tena malalamiko yake: ganzi ya hisia na jasho. Vyote viwili mara nyingi hufuata ukubwa wa dozi. Kabla ya kuuliza "aache au aendelee", muulizeni daktari kama 75 au 50 mg haitoshi kumshikilia. Watu hurukia kuacha kabisa wakati tatizo ni dozi tu.

Muda wa kuacha ukifika, msigawe kwa usawa 100, 75, 50, 25, sifuri. Dozi ya 50 mg peke yake tayari hufunga takriban asilimia 80 ya visafirishi vinavyorudisha serotonini (kemikali ya kupashana habari kwenye ubongo) ndani ya seli. Kutoka 100 kwenda 50 ubongo hausikii sana. Kutoka 25 kwenda sifuri ni kushuka ngazi iliyong'olewa vipago vya chini. Kwa hiyo huko chini ndiko pa kwenda taratibu: 50, 37.5, 25, 12.5, na pungufu ya hapo ikibidi, kila dozi wiki mbili hadi nne. Akiyumba, anarudi dozi ya juu yake mpaka atulie. Ratiba aipitishe daktari wake.

Mchokonozi:
Naomba nipingane, maana kambi ya kwanza imebezwa bila kusikilizwa. Sonona haina kipimo cha damu. Ni dalili tano kati ya tisa kwa wiki mbili, mojawapo iwe huzuni au kukosa raha na kila kitu. Mtu aliyefiwa au asiyelala kwa ajili ya deni anaweza kuzifikisha zote tano. Hicho kitabu cha Wamarekani cha orodha za magonjwa ya akili kiliwahi kuhesabu ushoga kuwa ugonjwa hadi 1973, ukaondolewa kwa kura. Na ile hadithi kwamba sonona inatokana na "serotonini imepungua" ilipitiwa upya mwaka 2022, ushahidi wake ukaonekana dhaifu.

Swali langu kwa Kitasa: kabla ya kuandikiwa, alipimwa tezi ya shingo na wingi wa damu? Tezi iliyolegea huleta uchovu, uzito na huzuni vilevile, na hiyo ina kipimo.

Bi Taa:
Mchokonozi, hapo kwenye tezi nakazia. Kwenye serotonini umeruka: kutojua dawa inafanyaje kazi si sawa na dawa kutofanya kazi. Uchambuzi mkubwa wa 2018 ulikusanya majaribio 522 ya dawa 21 za sonona, na zote zilishinda kidonge bandia (kisicho na dawa ndani). Kwa kiasi kidogo, nakubali.

Kuhusu kuacha, kuna jaribio la Uingereza la 2021 kwa watu waliotumia dawa muda mrefu na kujisikia vizuri. Ndani ya wiki 52, ugonjwa uliwarudia asilimia 56 ya walioachishwa na asilimia 39 ya walioendelea. Kila kambi inaweza kuitumia: dawa inakinga, lakini asilimia 44 ya walioacha hawakurudiwa, na asilimia 39 ya walioendelea walirudiwa.

Mimi jina la ugonjwa nalichukua kama kibandiko cha penseli. Cha kuhakikisha ni kama amewahi kupata siku nne au zaidi za kulala kwa muda wa saa tatu tu usiku bila kuchoka, kuongea mfululizo na kutapanya pesa. Kama ndiyo, huenda ni baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), na dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha juu. Hilo daktari aambiwe hata asipouliza.

Halafu umri. Marekani iliweka onyo la mawazo ya kujiua kwenye dawa hizi mwaka 2004 kwa watoto na vijana, na 2007 likafikishwa miaka 24. Yumo. Kila dozi inapobadilishwa, mwangalieni kwa karibu wiki za mwanzo. Akianza kuzungumzia kufa, hospitali siku hiyohiyo.

Kitasa:
Shukrani wakuu. Jumatatu imefutwa, tunaomba kumuona daktari kuhusu 75. Mawili: arosto ya dawa na ugonjwa kurudi nitatofautishaje? Na 12.5 mg naipata wapi wakati kidonge ni 50?

Mfinyanzi:
Arosto huja ndani ya siku chache baada ya kupunguza: kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto kali, na zile shoti za umeme kichwani akigeuza macho. Akirudishiwa dozi, hupoa haraka, mara nyingi ndani ya siku chache. Ugonjwa hujongea kwa wiki kadhaa, na huanza na vilevile vya zamani: usingizi, hamu, kujilaumu. Aandike kila jioni mistari miwili, dozi na hali. Kumbukumbu ya kichwani hudanganya.

12.5 ni robo ya kidonge cha 50. Tumieni kikatio cha vidonge, si kisu, kwa sababu robo zikipishana dozi hupanda na kushuka kila siku. Chini ya robo, ulizeni dawa ya maji. Na kipande kilichokatwa amezee maji mengi mara moja: ni kichungu, na kikikaa ulimini kinautia ganzi.