Bukta ya feri

*Kikundi: Wana Msangamkuu*

Fadhili: Shikamooni wakubwa. Leo nimefukuzwa bwawani.

Shangazi Somoe: Marahaba. Umefanya nini tena?

Fadhili: Bukta, Shangazi. Ile ya bluu niliyokuwa narukia nayo baharini pale feri nyumbani. Mlinzi kanitazama mapajani, akanionesha picha ukutani: bukta imekatwa mstari mwekundu. Huku Ufaransa mabwawa ya umma wanataka chupi ya kubana.

Zuhura: 😂😂😂 mtoto wa Msangamkuu kanyimwa maji

Mjomba Chande: Bukta ina kosa gani?

Fadhili: Eti unashinda nayo mtaani, unakalia vumbi, halafu unaingia nayo majini. Na kofia ya kuogelea lazima, hata kwa wenye kipara.

Mjomba Chande: Kipara changu kiache.

Fadhili: 😅 Kuna mashine kama ya soda, unatia hela inatema chupi na kofia. Nimenunua, ningefanyaje.

Zuhura: Picha!!

Fadhili: Thubutu.

Shangazi Somoe: Wanawake na wanaume pamoja? Mkeo je?

Fadhili: Pamoja. Vazi la stara mabwawa mengi hawalipokei. Jiji moja la huku, Grenoble, walijaribu kuruhusu 2022, mahakama ikazuia mwaka huohuo. Mama Rehema kasema atasubiri bahari ya nyumbani.

Shangazi Somoe: Mwanangu huyo.

Mjomba Chande: Ulipoingia sasa?

Fadhili: Kwanza unaoga kwa sabuni, unakanyaga kidimbwi cha dawa. Mjomba, nilihisi mzito kama nanga! Kwenda na kurudi mara mbili, pumzi kwisha.

Mjomba Chande: Maji hayo hayana chumvi, hayakubebi. Huku bahari inakuweka juu, wewe unapiga mikono tu. Uso utie majini, usiinue kichwa kama kasa, miguu itapanda yenyewe.

Fadhili: Sawa Mjomba. Halafu njia moja mnaogelea wengi, mnazunguka kwa kulia kama magari yao. Mimi nikashika kushoto kama nipo barabara ya Mikindani. Nikagongana kichwa na bibi mmoja. Kaomba radhi yeye, kisha kanipita mara mbili.

Zuhura: 🤣🤣 Macho vipi?

Fadhili: Mekundu. Klorini inanuka balaa.

Zuhura: Harufu ile si klorini peke yake. Ni klorini ikikutana na jasho na mikojo ya watu.

Shangazi Somoe: Astaghfirullah. Kumbe ndiyo maana ya sabuni.

Fadhili: Zuhura ungeniacha tu

Mjomba Chande: Unakuja lini?

Fadhili: Desemba, inshallah.

Mjomba Chande: Hiyo chupi iache hukohuko. Feri wanakujua.