Mjadala: Mbwa kijana ashushwe kwenye shimo la mbweha?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mimi ni Mtanzania, naishi Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, na huu ni msimu wa tatu nafanya kibarua cha kuzalisha kondoo. Naleta jambo ambalo huku linagombanisha watu mpaka ndani ya nyumba moja: kumshusha mbwa wa aina ya teria, tena kijana, kwenye shimo la mbweha. Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Mfugaji ana haki ya kumuua mbweha anayemla kondoo wake. Ila atumie bunduki juu ya ardhi; kazi hiyo asipewe mbwa chini ya ardhi, na mbwa kijana ndiyo kabisa asiguswe.

Mbweha wa huku si yule wa kwetu anayefuata masalia ya simba Serengeti. Ni mwekundu, mkia mnene, uzito wake kilo 5 hadi 7. Jike huzaa shimoni mwezi Machi au Aprili, watoto wanne au watano, na wakati huohuo ndipo kondoo wa milimani wanazaa. Yeye ana midomo ya kulisha, na malisho yamejaa wanakondoo wasioweza hata kusimama vizuri. Hilo silifichi.

Teria nao wana historia yao. Jina lenyewe linatokana na neno la Kilatini la ardhi. Padri John Russell wa Devon, akiwa bado mwanafunzi Oxford mwaka 1819, alinunua jike mmoja aitwaye Trump kutoka kwa muuza maziwa, na jina la padri huyo ndilo wanalobeba Jack Russell wote unaowaona mitandaoni. Huku kwetu wapo Lakeland na Patterdale, mbwa wa milima hii hii. Mwenye kutaka kujua kama mbwa ataenea shimoni humzungushia viganja viwili kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Vidole vikikutana, anafaa.

Kazi yenyewe iko hivi. Mbwa anavishwa kola yenye kirusha mawimbi, anaingia. Mwenyewe juu analala kifudifudi, sikio limegusa udongo. Mbwa anayetakiwa ni "laini", yaani anasimama mbali kidogo na kubweka mpaka mbweha achoke, atokee mlango mwingine na kupigwa risasi. Anayevamia na kung'ata humwita "mgumu". Sasa mbwa wa mwaka mmoja utajuaje ni laini au mgumu? Hajijui mwenyewe. Ana misuli ya mtu mzima na akili ya mtoto, na humo ndani hakuna nafasi ya kugeuka.

Aprili ya mwaka juzi nilishuhudia. Mfugaji mmoja, simtaji, alimshusha jike mweusi wa miezi 14 ambaye kabla ya hapo alizoea panya wa ghalani tu. Tulisikia akibweka, vizuri kabisa, kama dakika kumi. Halafu kubweka kukakatika, ukabaki mngurumo na kitu kama mtu anayesugua gunia ukutani. Kifaa kilionyesha yuko mita moja na nusu chini. Tulichimba kwa chepe karibu saa mbili. Mbweha tulimkuta amebanwa kwenye kona ya mwamba, nyuma yake hakuna njia, akapigwa risasi palepale. Mbwa alitoka mdomo wa juu umechanika unaning'inia, udongo umeganda kwenye meno, jicho moja limefumba. Na alikuwa anatikisa mkia. Mwenye mbwa akamfuta uso kwa shati lake, akasema, "Sasa ameiva."

Neno hilo ndilo limenileta hapa.

Kisheria, England na Wales zina sheria ya uwindaji ya mwaka 2004 iliyoanza kutumika tarehe 18 Februari 2005. Inakataza kuwinda mamalia wa porini kwa mbwa, lakini ikaacha upenyo: mbwa mmoja anaweza kuingia shimoni ili kulinda ndege wanaofugwa au kutunzwa kwa ajili ya kupigwa bunduki kama burudani. Uwe na karatasi ya idhini ya mwenye ardhi, mbweha atolewe upesi na apigwe risasi upesi, na mbwa akingwe asiumie. Soma tena. Ndege wa kupigwa bunduki. Kondoo hawamo kwenye upenyo huo. Yaani yule mfugaji alivunja sheria, lakini mwenye shamba la ndege wa matajiri angefanya vilevile asubuhi hiyohiyo na akawa salama. Na kuhusu umri wa mbwa, sheria iko kimya.

Mnasemaje?

Mchangiaji, Kilosa

Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho, na mbwa umemwonea huruma vizuri. Ila hujasema wanakondoo wangapi walikuwa wameshaondoka. Mimi nina mbuzi. Mbwa wangu ana makovu matatu usoni, mawili ya fisi, na bado ndiye analala mlangoni pa zizi. Sijamlazimisha.

Halafu bunduki unayoisema. Kwenye ukungu na mawe utampigaje mnyama asiyekaa mahali pamoja? Na ukimpiga mama juu, mwezi wa nne, wale watoto wanne au watano shimoni watamalizwa na nani? Watakufa kwa njaa gizani siku mbili tatu. Mbwa angeingia, mambo yangeisha kwa dakika. Hebu nijibu hilo kwanza kabla ya mdomo wa mbwa.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu zangu, mie si mfugaji, lakini suala la mbwa wa kuwinda kwetu si geni. Qur'ani katika Surat al-Maida inataja wanyama wa kuwinda *waliofundishwa*, kwamba wanachokushikieni mle. Nawaomba mtazame neno hilo. Aliyefundishwa. Anayetumwa akaenda na anayeitwa akarudi. Huyo jike wa miezi 14 hakuwa amefundishwa, ndiyo kwanza alikuwa anafundishwa, na somo lenyewe ni meno ya mnyama mwingine usoni pake. Tena mbweha haliwi. Basi hapo kuna uwindaji gani? Masheikh wetu hutukanya kupiganisha wanyama, na mimi kwa maelezo ya mleta mada naona wanyama wawili wamepiganishwa ndani ya shimo.

Mchangiaji, Wales

Mimi nimeolewa kwenye familia ya wafugaji, Wales ya kati, mwaka wa kumi na moja sasa. Naomba nieleweke: simtetei aliyempeleka mtoto vitani. Baba mkwe hashushi mbwa yeyote kabla hajafikisha mwaka na nusu, na yule anayeng'ata hamrudishi tena shimoni.

Lakini kila baada ya muda tunaondolewa kitu. Mitego ya kitanzi Wales ilipigwa marufuku 2023, na kwa kweli ilikuwa mibaya, sililii. Ila ile tume ya Lord Burns ya mwaka 2000, iliyochunguza uwindaji kwa mbwa kwa niaba ya serikali, na ambayo wote mnaipenda ikisema mnachotaka, ilisema pia kwamba milimani njia mbadala za kumdhibiti mbweha ni chache kuliko bondeni. Scotland waliandika sheria mpya 2023 na bado wakaacha mbwa mmoja aingie shimoni. Hawakuwa wajinga.

Na kitu kingine ambacho wa mjini hawakioni. Sheria inasema mbwa mmoja chini ya ardhi, basi. Nia ni njema, ili wasimrarue mbweha. Matokeo yake ni kwamba mbwa kijana hawezi kuingia nyuma ya mzee akajifunza kwake. Siku yake ya kwanza anaingia peke yake.

Mleta mada

Nimewasikia. Nianze na kaka wa Kilosa, maana ameuliza swali la haki.

Msimu ule kwa bosi wangu walikutwa wanane wameliwa, kati ya mia tatu na ushee. Mimi ndiye niliyekuwa nawaokota asubuhi. Mzee mmoja alinifundisha kuchuna ngozi pale penye alama ya jino. Ukikuta damu imevilia chini ya ngozi, mwanakondoo alikuwa hai alipong'atwa. Ukikuta nyama safi, nyeupe, alishakufa kwa baridi na mvua, mbweha amekuja kuokota tu. Sita kati ya wale wanane hawakuwa na damu. Ile ile tume ya Burns ilikadiria kwamba mbweha huua chini ya asilimia 2 ya wanakondoo ambao wangepona. Wawili kwa bosi wangu ni hasara, sikatai, tena kwa mkulima wa milimani asiye na akiba. Lakini wale sita wangeokolewa na banda lenye majani makavu kwa usiku wa kwanza.

Bunduki: siku hizi wana darubini zinazoona joto la mwili. Nimekaa na mpigaji usiku wa Januari, mbweha akionekana mweupe kama taa mita mia mbili. Apigwe Novemba hadi Februari, kabla hajazaa, basi lile swali la watoto shimoni linapungua sana.

Linapungua, sijasema linaisha. Hapo umenibana, kaka. Kama mama amekwisha kupigwa mwezi wa nne na shimo linajulikana, sina jibu bora kuliko mbwa mmoja, mzima wa umri, laini, aliyekwisha kuthibitika, na mtu mwenye bunduki mlangoni. Hapo nabadilisha nilichosema mwanzo.

Lakini dada wa Wales amenipa hoja ambayo sikuwa nayo. Kama siku ya kwanza lazima awe peke yake, gizani, na mnyama anayepigania roho yake, basi hiyo siku ya kwanza ndiyo ninayoipinga. Tume hiyo hiyo ilisema kuchimbua mbweha na kumpiga risasi kunamwathiri vibaya sana, kwa sababu jambo huchukua muda mrefu na hana pa kukimbilia. Mbwa aliyeko naye humo pia hana. Sheria iweke umri, na upenyo wa ndege wa kupigwa bunduki uzibwe, maana sioni kwa nini burudani ya mtu ipate mbwa na riziki ya mwingine ikose.

Yule jike mweusi bado yupo. Mdomo ulishonwa, ukapona ukiacha pengo, jino linaonekana hata akifumba kinywa. Juzi alinifuata ghalani tulipohamisha marobota ya majani, akakamata panya watatu kabla sijamaliza chai. Panya sheria inaruhusu. Mwenyewe ananiambia Machi hii anamrudisha mlimani.

Kaka wa Kilosa, ungekuwa wewe ndiye jirani yake, ungemwambia nini?