Naomba msaada: Excel inageuza 3/10 kuwa tarehe

Mkulima_Shinyalu: Hamjambo wadau. Nikiandika 3/10 kwa Excel inakuwa 03-Oct. Nikiweka alama ya ' mbele inakaa, lakini jumla inatoka 0. Sarveya anakuja Jumamosi na orodha ya kugawa shamba lazima iwe safi. Sijalala vizuri.

Fundi_Kondele: Andika 0, acha nafasi, halafu 3/10. Kile kilichokwisha kuwa tarehe usikibadilishe mtindo tu, utaona namba kama 45933, ambayo ni hesabu ya siku tangu mwanzo wa 1900. Kwa safu ya pembeni weka =DAY(A2)/MONTH(A2), sehemu yako itarudi.

Mwalimu_Nyalenda: Pole ndugu. Mimi nilijaza alama za darasa zima, 7/10, 8/10, kisha nikafunga kompyuta. Kesho yake watoto wote walikuwa Oktoba. Nilirudia karatasi moja moja mpaka saa sita usiku.

Mkulima_Shinyalu: Asante Fundi, tarehe imetoka. Lakini sasa naona 2/7, 2/7, 2/7 na 1/9. Ndugu zangu wakiona hivyo watasema nimewaibia.

Shahidi254: Hii umetunga. Jumlisha hizo uone, unapata 61/63. Shamba gani linagawanywa hivyo?

Mkulima_Shinyalu: Sijatunga! Ni shamba la marehemu baba. Niko mbele ya kompyuta sasa hivi.

Fundi_Kondele: Shahidi, mwache, anasema kweli. Amechagua mtindo wa sehemu za tarakimu moja, na hapo namba ya chini haipiti 9, kwa hivyo 0.3 inaonyeshwa kama 2/7. Thamani yenyewe ndani haijaguswa. Bonyeza Ctrl na 1, nenda Custom, andika # ?/10. Lakini 3/10 mara tatu ni 9/10. Hiyo 1/10 ni ya nani?

Mkulima_Shinyalu: Ya dada yetu.

Mama_Lurambi: Mbona yeye 1/10?

Mkulima_Shinyalu: Ameolewa Butere, ana shamba huko. Wazee walikaa wakakubaliana. Nakala tano nimeshachapisha. Nilichouliza ni Excel tu.

Mama_Lurambi: Mama yenu yupo? Baba aliacha wosia?

Mkulima_Shinyalu: Mama alitangulia. Wosia hakuna.

Mama_Lurambi: Basi soma Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kifungu cha 38. Hapo watoto wanagawana sawa, na hakuna palipoandikwa aliyeolewa apunguziwe. Mimi niliitwa nitie sahihi baada ya mawe ya mpaka kuwekwa. Nilisimama pale kwenye mparachichi wa mama nikaambiwa uko upande wa ndugu yangu. Dada yako ameiona hiyo karatasi?

Mkulima_Shinyalu: Bado. Nilitaka kwanza ikae vizuri.

Mwalimu_Nyalenda: Mpigie leo, kaka. Usingoje Jumamosi.

Mkulima_Shinyalu: Fundi, bado uko? Nikiandika 0 1/4 kwa safu zote nne, ile # ?/10 niitoe kwanza ama niiache tu?

Fundi_Kondele: Itoe. Weka # ?/4.