Mbwa wa shamba anajikuna hadi damu, na sasa na sisi tunawashwa

Mpiga Jembe, Konde: Assalamu alaykum jamaa. Nna mbwa wangu Simba, ananilindia muhogo na tumbili hapa ubavuni mwa msitu wa Ngezi. Tangu mwezi uliopita hajikuni mchana tu, usiku kucha. Ncha za masikio zimefanya magamba, viwiko na tumbo manyoya yamepukutika. Nimemkosha kwa sabuni ya kufulia na maji ya mwarobaini, wapi! Juzi mtoto wa dada yangu anayempelekea chakula katoka vipele mikononi. Mama keshasema jibwa litoke. Nifanyeje?

Fundi Baiskeli: Mpake oili chafu ya gari. Babu alikuwa akiwapaka mbwa wake wa kusakia nguruwe.

Bi Mifugo: Oili chafu usithubutu, atairamba imuue taratibu. Kaka, huo ni utitiri, unachimba ndani ya ngozi ndio maana sabuni haiufikii. Vaa glavu, msugue ncha ya sikio. Akitikisa mguu wa nyuma kama anayejikuna, dalili kubwa hiyo. Muite bwana mifugo ampime uzito, ampige sindano ya ivamektini. Moja haitoshi kwa sababu mayai hayafi. Hurudiwa baada ya wiki mbili. Na usikisie dozi kwa dawa ya ng'ombe, tumeshazika mbwa kwa hilo.

Mtu wa Fuoni: Hiyo ivamektini kwa koko wetu sawa, lakini mwenye mbwa aina ya Collie aseme mapema. Wengi wao wana urithi usioihimili, wanaweza kufa. Wangu alinyonyoka pembeni mwa macho bila kuwashwa, akiwa mdogo. Kumbe utitiri wa aina nyengine, wala hauambukizi.

Mpiga Jembe, Konde: Na mtoto je? Mama anamkosha mara saba, moja kwa udongo.

Ami Saidi: Hiyo ni twahara, mwanangu, najisi inaondoka. Utitiri haujui udongo.

Bi Mifugo: 😂 Ami kasema. Utitiri wa mbwa hauzaliani kwa mtu, muwasho hutulia mbwa akitibiwa. Ila akiwashwa baina ya vidole na wa nyumbani wakaanza nao, huo huenda ni upele wa watu, mpelekeni hospitali. Gunia analolalia Simba lichome. Mbwa wote anaocheza nao watibiwe siku moja, hata asiyejikuna, la sivyo utakuwa unamlipia bwana mifugo kila mwezi.

Mpiga Jembe, Konde: Bwana mifugo kaja leo. Simba kadungwa, gunia nimechoma, mtoto haendi tena bandani. Jirani ana wawili: mmoja kashikwa, wa pili kaona sindano tu, mbio Ngezi. Na huyo ndiye anayelala na Simba kila usiku.

Fundi Baiskeli: Mtege kwa vichwa vya dagaa.