Yule fundi wa makubadhi wa Mji Mkongwe amemtundika baba yangu msumarini

Binti_Muheza ameandika:

Wakuu salaam. Asije mtu hapa kuniambia "tulia kwanza", sijaja kutulia. Niko kwenye boti narudi Dar, vidole vinanuka gundi, dole gumba lina tundu la msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, na nikifumba macho naiona ile karatasi.

Mnamjua huyo mtu. Msijifanye hamumjui. Yule fundi anayewafundisha wageni kushona makubadhi, mwenye kile kicheko kinachosikika mpaka Darajani. Yeyote aliyekwenda Unguja likizo akarudi na viatu vya ngozi "alivyoshona mwenyewe", kapita mikononi mwake.

Nimelipa 80,000. Hela siidai. Nilikwenda na jambo langu: baba yangu hajawahi kuvaa kubadhi linalomtosha. Ya dukani yote yanambana mbele, anayavaa Idi mpaka msikitini, akirudi anayabeba mkononi. Nikasema mwaka huu namshonea mimi. Kabla ya safari nikachukua kalenda ya mwaka jana, nikaigeuza upande mweupe, nikamsimamisha mzee juu yake kashika mlango, nikamchora mguu kwa kalamu. Anacheka, anasema namtekenya. Mzee wa miaka 71, anacheka kama mtoto. Hiyo karatasi nimeikunja, nimeiweka kwenye mkoba pamoja na kitambulisho, nimevuka nayo bahari.

Sasa sikilizeni. Tuko watu tisa mkekani, wengine wote watalii. Kila mtu anachorwa mguu wake. Zamu yangu nikamwambia fundi kwa adabu kabisa, "Shikamoo fundi, mimi namshonea baba, mguu wake huu hapa." Akaipokea karatasi kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota mjusi. Akaikunjua. Akainyanyua juu watu wote waione. Akauliza:

"Mwenye mguu huu anatembea au anaogelea?"

ANATEMBEA AU ANAOGELEA.

Halafu akatafsiri kwa Kiingereza. Halafu, wakuu, akatafsiri kwa KITALIANO, ili asikose mtu. Kuna mama mmoja alicheka mpaka akaangusha nyundo.

Nikanyamaza. Nikashona. Kwa muda wa saa nne nimekaa pale nimekunja miguu, mgongo umekuwa kama upinde. Tumepaka gundi pande zote mbili, tumesubiri mpaka ikiguswa isichafue kidole, tumegonga. Mimi nashona na sindano mbili na uzi wa nta, machozi yanadondokea kwenye ngozi, fundi anasema "vizuri, ngozi inataka maji." Nikamkumbusha fuata karatasi. Hataki. Kanikatia kwa kalibu yake, kile kipimo cha kukatia soli, ya namba 42, anasema "urefu ni huohuo, upana utajipa." Upana utajipa! Mguu wa mtu ni unga wa chapati?

Kumaliza, naomba karatasi yangu, haipo. Naangaza macho, naiona. Mlangoni. Kaipigilia MSUMARI. Mguu wa baba yangu uko ukutani, unapigwa na upepo, kila anayeingia anaonyeshwa na kuulizwa anatembea au anaogelea.

Mzee wangu kakata mkonge Muheza huko tangu kijana. Kakua peku. Mguu ule ndio umenisomesha. Nilivyouona pale na msumari katikati nilihisi kimepigiliwa kifua changu. Nikaomba niishushe, akasema "iache dada, inaleta wateja."

Inaleta wateja.

Makubadhi ninayo hapa mapajani, mazuri, yananukia, na najua hayatamwingia. Nimeshindwa hata kula. Wadau, huyu mtu afanywe nini?

Chura_wa_Kinondoni:

Nimekuja mbio nikajua kuna msiba. Uzi wa mguu bila picha ya mguu ni uzi kweli?

Mama_Pili_Moro:

Pole sana mdogo wangu. Mzazi wa mtu hachezewi. Mimi ningekipindua kile kibaraza na gundi yake yote.

Dereva_Msomi:

Swali lake lilikuwa la kitaalamu lakini. Fundi lazima ajue matumizi ya kiatu. Kama mzee anaogelea ngozi itaharibika.

Binti_Muheza:

@Dereva_Msomi kamcheke baba yako. Nimesema na narudia: kainyanyua JUU, mbele ya watu wanane. Angeniuliza pembeni, ningejibu. Kwa Kitaliano alikuwa anamuuliza nani? Kuna Mtaliano alikuwa anamjua mzee wangu?

Kibarazani_Unguja:

Yakhe, mie jirani yake. Yule mzee hana neno, mdomo tu. Kila mtu anamtia utani, hata sheha. Huko kwenu bara mtu akikwambia neno mnafungua uzi, huku tunaagiza kahawa tunacheka, maneno yamekwisha. Ungemjibu hapo hapo: "Anaogelea, ndio maana kakosa kukuona." Mbona angekutolea na kashata!

Ngozi_na_Nyundo:

Mimi fundi viatu, nimesomea ngozi pale chuo cha DIT Mwanza. Acheni utani kidogo niseme.

Mguu unapimwa mtu akiwa amesimama, uzito wote chini, kwa sababu ukikaa unajikusanya na ukisimama unatanuka. Dada kampima mzee wake amesimama. Yeye ndiye aliyefanya kazi sawasawa, fundi ndiye aliyekosea. Na mtu aliyekua peku kwa kawaida mguu wake huwa mpana mbele, vidole vimeachana. Huo ni mguu mzima, haujabanwa na kitu. Mliozaliwa na viatu ndio miguu yenu imepinda.

"Upana utajipa" ni maneno ya fundi mvivu. Soli haijipi. Kitakachojipa ni ukanda, na hapo nakuuliza dada: alikukatia ukanda upande gani wa ngozi? Ukanda unakatwa kwa kufuata uti wa mgongo, ngozi ya pale imekaza. Ngozi ya tumboni inanyumbuka, baada ya wiki mbili kubadhi linakuwa bakuli. Angalia gidamu pia, ile kamba inayopita katikati ya vidole. Kama tundu lake limetobolewa kwa kufuata kalibu badala ya kufuata mguu wa mzee, itamkata katikati ya vidole, hata ngozi iwe laini namna gani.

Haya, na mimi nina langu. Mnakuja dukani, unamshonea mtu ngozi halisi iliyolainishwa kwa magome ya miti, imekaa wiki kwa wiki kwenye maji ya magome, anakwambia "mbona yeboyebo ni elfu tatu?" Nenda kavae yeboyebo! Nani kakushika?

Chura_wa_Kinondoni:

Fundi punguza jazba, yeboyebo hazikatiki gidamu.

Ngozi_na_Nyundo:

Kwa sababu HAZINA gidamu!

Mwana_wa_Amu:

Dadangu, kosa lako ni kuenda Unguja kutafuta makubadhi. Ungevuka uje huku Lamu, upande mashua mpaka Pate, uulize Siyu iko wapi. Siyu wanashona ngozi tangu mababu, viatu, mishipi, kila kitu. Mtoto wa Siyu angeuangalia huo mguu na kusema bismillahi, akakata. Hawachori, hawacheki.

Kibarazani_Unguja:

Haya sasa, wenye makubadhi yao wameamka. Kwani Unguja tulikuwa tunakwenda harusini na kanzu na miguu mitupu, tukiwangojea nyie?

Mwana_wa_Amu:

Mimi sijasema hivyo. Ila mkivaa kanzu mnavaa na champali, ndala hizo, tumewaona.

Kibarazani_Unguja:

CHAMPALI? Nani kakwambia? Leta picha.

Binti_Muheza:

Jamani. Karatasi iko msumarini mpaka sasa hivi ninavyoandika. @Ngozi_na_Nyundo ahsante kaka, umenitoa machozi. Ukanda kakata pembeni kabisa ya ngozi, pale palipobaki baada ya wale wengine kukatiwa. Nilimwona. Aliwapa wao mgongo, mimi kanipa tumbo. Yaani kamcheka baba yangu HALAFU kanipa tumbo.

Tausi_wa_Mbezi:

Niko Mkunazini kikazi, nimepita hapo baada ya kusoma huu uzi. Wakuu, ni kweli. Ipo. Msumari ni wa inchi nne, ule wa kupigilia mapaa. Kuna Wajerumani wawili wamevua viatu wanapima miguu yao juu ya karatasi, wanashindwa kuufikia mguu wa mzee kwa upana. Mmoja kapiga picha. Heshima kwa mzee, ule mguu ni wa mtu aliyeishi.

Binti_Muheza:

@Tausi_wa_Mbezi ISHUSHE. Nakuomba dada yangu kwa jina la Mungu, ishushe ukimbie, nitakutumia nauli, nitakutumia na cha juu. Usimsemeshe. Akikuuliza anatembea au anaogelea usimjibu, chukua karatasi uondoke.

Tausi_wa_Mbezi:

Sawa mpenzi. Nimekaa mara moja nimeagiza urojo, nikimaliza naenda.

Dereva_Msomi:

Urojo hapo bei gani siku hizi?

Mtu_wa_Kigamboni:

Mnalia na miguu, mimi nililipia safari ya kwenda kuona mashamba ya viungo. Tumenusishwa karafuu, tumenusishwa mdalasini, vitu vimejaa jikoni kwa mama yangu. Mwishoni wakanivika taji la makuti na tai ya makuti, mimi mtu mzima, meneja, nina watu 14 chini yangu. Jamaa akapanda mnazi akashuka, akanyosha mkono. Nikamuuliza nimekutuma? Nimerudi hotelini nimesahau lile taji kichwani, nimepanda lifti nalo na bosi wangu.

Mama_Pili_Moro:

Hahaha maskini. Tai ulivua?

Mtu_wa_Kigamboni:

Tai nilivua kesho yake. Iliendana na shati.

Shangazi_Tabata:

Tatizo letu ni neno "fundi". Mtu akishaitwa fundi anaona binadamu wote ni vitambaa. Mimi fundi wangu wa cherehani nimempa kitenge tangu mwezi wa pili, sare ya harusi ya mdogo wangu. Kila nikipiga simu, "dada njoo kesho asubuhi, nimebakiza vifungo." Gauni halina vifungo! Nilimpa picha, lina zipu! Jumapili nimekwenda kanisani, naona kitenge changu kinatembea mbele yangu. Mke wake. Na kimemkaa vizuri kuliko ambavyo kingenikaa mimi, hilo ndilo lililoniuma.

Mama_Pili_Moro:

"Nimebakiza vifungo" tumeambiwa wote. Wangu alisema umeme umekatika. Cherehani yake ya miguu!

Chura_wa_Kinondoni:

Wangu alinipunguzia suruali mguu mmoja, akafunga duka akaenda kwao Songea kwenye msiba. Wiki tatu. Nimeivaa kazini hivyo hivyo, nimekaa nyuma ya meza mpaka saa kumi na moja.

Ngozi_na_Nyundo:

Mafundi nguo msituchanganye na sisi wa ngozi. Kitambaa ukikosea unafumua. Ngozi ukitoboa umetoboa, tundu halizibiki. Ndiyo maana namwambia yule dada asijaribu kuyatanua mwenyewe nyumbani kwa maji ya moto, ngozi itasinyaa na kukauka kama gome.

Binti_Muheza:

Nimefika Dar. @Tausi_wa_Mbezi umeipata? Dada? Mzee kashapiga simu anauliza vilikuwaje, nimemwambia mtandao unasumbua. Sijui nimwambie nini. Jamani mtu aliyeko Unguja ajibu.

Shangazi_Tabata:

@Mama_Pili_Moro huyo wa cherehani ya miguu ni yule wa karibu na sheli? Kama ni yeye basi ana kitambaa changu kingine, cha bluu.

Mama_Pili_Moro:

Mimi niko Morogoro shangazi, labda wana undugu.

Kibarazani_Unguja:

@Mwana_wa_Amu bado nasubiri picha ya champali.

Mtu_wa_Kigamboni:

Wakuu nje ya mada kidogo. Nina harusi kesho saa nane, suruali imeachia kwenye mshono nyuma. Nani anajua fundi wa Mbagala anayemaliza siku hiyo hiyo? Asiwe wa "njoo kesho".

Chura_wa_Kinondoni:

Mbagala ipi, Rangi Tatu au Zakhem?

Mtu_wa_Kigamboni:

Popote mkuu. Mshono unazidi kuachia ninavyoandika.