Mume wangu ana saratani ya tonsesi, majibu yameandika HPV. Ina maana alitoka nje?

Mama Salama:
Habari zenu wapendwa. Naombeni ushauri, wenye kejeli wapite kimya kimya. Mume wangu ana miaka 54. Alianza na uvimbe shingoni upande wa kulia, hauumi, akawa anasema ni tezi tu. Dozi za antibiotiki kameza, wapi! Mwishowe akakatwa kipande cha nyama kikapimwe, kikasomeka saratani ya tonsesi, na chini wameandika "p16 chanya". Daktari akasema hiyo ni ya kirusi cha HPV. Sasa mimi HPV naijua ya mlango wa kizazi. Mume havuti sigara, pombe hagusi. Shoga yangu kaniambia hicho ni kirusi cha zinaa, nimbane aseme kakitoa wapi. Tangu juzi tunaongea kupitia watoto. Ni kweli? Na sisi tuko salama? Tunakula sahani moja.

Kidume Halisi:
Mchepuko huo. Kirusi hakishuki na mvua.

Mtu wa Kinywa:
Mkuu hapo juu, tuliza mshono.

Dada, pole sana. Nipo idara ya kinywa na meno, haya tunayaona. HPV kweli huambukizwa kwa ngono, ya mdomo ikiwemo, ila majibu hayo hayasemi lini wala kwa nani. Wengi wanaokipata, mwili hukifuta wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache, hasa aina ya 16, kinajificha kwenye vishimo vya tonsesi au shina la ulimi, na hadi kufikia saratani hupita miaka 10, 20, hata 30. Huenda mumeo alikipata kabla hajakujua jina. Ukimhukumu kwa karatasi ya p16 utamwonea bure.

Tena p16 ni protini ya mwilini inayojaa kirusi kikishaharibu seli. Ni alama tu, si kirusi chenyewe. Ulizeni kama maabara yao inaweza kupima HPV moja kwa moja.

Sahani na vikombe havina shida. Koo lako usihangaike kulipima kama huna dalili, hakuna kipimo cha uhakika cha kazi hiyo, na mtu asikuuzie. Mlango wa kizazi kapime, kama mwanamke yeyote wa umri wako.

Halafu naona hamkuambiwa jambo moja: saratani ya koo yenye HPV husikia matibabu vizuri kuliko ile ya sigara. Utafiti uliochapishwa Marekani 2010, wagonjwa ambao ugonjwa ulishasogea mbele: baada ya miaka 3, wenye HPV asilimia 82 walikuwa hai, wasio nayo 57.

Binti wa Mwambao:
Mama Salama, baba yangu alipigwa mionzi ya koo Ocean Road, ile hospitali ya saratani Dar. Ni siku 5 kwa wiki, karibu wiki 7, jipangeni na nauli. Kabla ya kuanza, apitie kwa daktari wa meno, mabovu yote yang'olewe na yapone. Mfupa wa taya ukishapigwa mionzi, kung'oa jino ni balaa, kidonda hakifungi. Mate yatakauka, chakula kitakuwa kama mchanga. Sisi tuliishi kwa mtori na uji mwepesi. Na kama una binti wa miaka 9 hadi 14, chanjo ya HPV ni bure, tangu 2024 ni dozi moja tu.

Mama Salama:
Nimemsomea mwenyewe yote, hadi la mchepuko. Kacheka kwanza, halafu kaniuliza ina maana hafi? Jumatatu tunaanza na meno.

Kijana wa Ugoro:
Samahani kudandia uzi. Naweka ugoro chini ya mdomo, pale pana weupe na kidonda hakiponi tangu mwezi jana. Nikapime HPV?

Mtu wa Kinywa:
Hapana mkuu, kesi yako ni nyingine. Saratani za shavu, ufizi, mdomo na ulimi wa mbele nyingi zinaletwa na tumbaku, pombe, tambuu na popoo. HPV huko mchango wake ni mdogo. Kidonda kikipita wiki 3 lazima kionwe, na chako kimeshapita. Ugoro uache leo, usikichome na dawa za kienyeji, na wiki hii hii kakionyeshe, kikatwe kipande cha nyama kikapimwe.